Bega la Kushoto

Harufu ilitangulia machela. Wahudumu wawili wa mochwari waliisukuma kupitia mlango wa nyuma wa idara ya picha, ule wa kuingizia mitungi ya gesi, kwa sababu mkuu wa idara hakutaka wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi ya mbele wakione kilichobebwa. Kilikuwa ndani ya mfuko mzito wa zipu, na juu ya mfuko mtu alikuwa ametandika shuka jeupe, kana kwamba shuka lingezuia kitu. Ilikuwa harufu ya nyama na sponji vilivyoungua pamoja. Ilikuwa na utamu fulani ndani yake, na utamu huo ndio uliomrudisha Inspekta nyuma.

Alijibanza ukutani, leso puani, akiijutia chai ya maziwa aliyokunywa asubuhi.

"Unaweza kungoja nje, Afande," alisema daktari wa picha.

"Nikitoka sitarudi. Endelea."

Daktari huyu hospitali nzima ilimwita Rula, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu hakuwahi kuuona mfupa akaacha kuupima. Ilisemekana alipotaka kuoa alimpiga mchumba wake eksirei ya kidole ili apate kipimo cha pete, na pete ikakataa kuingia. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya chini, na leo hakuwa na mzaha. Alisaidiana na wahudumu kuuweka mfuko kwenye kitanda cha mashine, akaunyoosha, kisha wakaingia wote kwenye chumba cha pili chenye kioo kikubwa, na mlango mzito ukafungwa. Inspekta alivuta pumzi. Harufu ilikuwa imeingia nao.

Kesi yenyewe ilinuka tangu mwanzo. Aliyekuwa ndani ya mfuko, kwa mujibu wa faili, alikuwa mwenye kiwanda cha magodoro, mtu ambaye wafanyakazi wake na mtaa mzima walimwita Bosi. Miezi michache nyuma Inspekta mwenyewe ndiye aliyelipasua godoro la kwanza, godoro dogo la mtoto lenye maua ya buluu, wakati watoto wa mtaa mmoja walipoanza kutoka majipu mgongoni. Ndani hakukuta sufi wala sponji. Alikuta pamba ya hospitali iliyokwisha kutumika, imekauka na kuwa rangi ya kahawia, na bandeji ndefu zilizosokotana kama utumbo, na plasta moja ambayo bado ilikuwa imeng'ang'ania nywele za mtu. Siku ile alirudi kwake akalala sakafuni.

Mtoto mmoja alikufa. Bosi akashtakiwa. Hukumu ilikuwa isomwe Jumatatu, na Jumamosi alfajiri ghala la kiwanda likaungua. Chini ya boriti za paa ulikutwa mwili mmoja, taya limesagika, saa ya Bosi ikiwa imeyeyukia kwenye kifundo cha mkono. Mke wake aliitambua saa. Maabara ililinganisha vinasaba vya mwili na mate ya mama yake Bosi, na jibu likaja limenyooka: aliyekufa ni mtoto wa kuzaa wa mama huyu. Mshtakiwa akifa, kesi yake inakufa naye. Hukumu iliahirishwa, mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kujiandaa kuifuta kesi, na familia ilitaka mwili jioni hiyo hiyo ili wazike kesho yake.

"Una mpaka jioni," Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Inspekta. "Na usinitie aibu. Watu wameshakaa msibani."

Alichokuwa nacho Inspekta kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Mwanamume aliyekufa kwa wakati uliomfaa mno. Mjane ambaye swali lake la kwanza lilikuwa mwili utatoka lini. Na mlinzi wa kiwanda, ambaye hakuonekana tena tangu siku ya moto. Mwanzoni Inspekta aliapa moyoni kwamba maiti ile ni ya mlinzi, akamtuma Koplo amtafute ndugu wa mlinzi kila pembe. Majibu ya vinasaba yalipokuja, alimeza maneno yake mwenyewe. Mlinzi hakuwa na undugu wowote na mama yule.

Kitu kimoja tu kilibaki. Miaka mitatu nyuma Bosi alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori, bega la kulia likachomoka, akaletwa kwenye hospitali hii hii. Daktari wa mifupa aliagiza picha za mabega yote mawili, bovu na zima, ayalinganishe kabla ya kumpasua. Picha zilikuwa bado zimehifadhiwa.

"Bega la kulia la maiti halipo, boriti imelisaga," alisema Rula, macho kwenye skrini. Nyuma ya kioo kitanda kilikuwa kinaingia taratibu kwenye tundu la mashine. "La kushoto limebaki. Nyama ya bega ni nene, huukinga mfupa. Tutalinganisha kushoto kwa kushoto."

"Si mwenzako alishalinganisha juzi? Ameandika kwamba yanafanana."

"Mwenzangu alipiga eksirei ya kawaida. Picha bapa." Rula alichukua kikombe chake kitupu cha kahawa kutoka mezani, akakiinua mbele ya uso wake. "Mdomo wa kikombe umeelekea wapi?"

"Kwangu."

Akakigeuza kidogo. "Na sasa?"

"Bado kwangu. Kidogo pembeni."

"Umeona. Ukitazama upande mmoja tu, huwezi kujua kimegeuka kiasi gani. Bega ni mpira na kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono, kikombe kiko kwenye bapa la bega. Maiti ikilala upande kidogo tu, picha bapa inakudanganya. Mashine hii inakata mwili vipande vyembamba kama mkate, halafu kompyuta inavipanga upya, napata bega zima. Naligeuza ninavyotaka. Nalilaza sawasawa kwanza, ndipo napima."

Kazi ilichukua muda. Rula aliitoa misuli kwenye skrini, ikabaki mifupa, myeupe juu ya weusi. Alichora mstari kutoka katikati ya kikombe hadi ukingo wa ndani wa bapa la bega, akachora mwingine kwenye uso wa kikombe, akaisubiri kompyuta itoe pembe. Kisha akafungua picha za zamani za Bosi, zilizopigwa kwa mashine hii hii, akafanya vile vile. Aliifuta mistari yote, akaanza upya toka mwanzo, na mara hii alipima mara tatu.

"Njoo," alisema hatimaye.

Inspekta alisogea. Mabega mawili yalikuwa ubavu kwa ubavu. Hata yeye, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya kozi ya polisi, aliona. La kwanza lilikuwa na mpira wa mviringo uliokaa vizuri kwenye kikombe chake. La pili lilionekana kama kitu kilichofinyangwa na mtu asiyependa kazi yake. Mpira ulikuwa mdogo na bapa. Kikombe kilikuwa kimeteremka upande wa nyuma, kimekwanguka, kama kiti kilichovunjika mguu.

"Hili ni la Bosi," Rula aligusa la kwanza. "Kikombe kimegeuka nyuma nyuzi tano. Kawaida kabisa, mimi na wewe tuko hapo hapo. Hili la maiti, nyuzi thelathini na moja."

"Moto je? Moto haukunji mifupa?"

"Moto unaupunguza mfupa, unaupasua, wakati mwingine unaupinda. Ndiyo maana ukubwa sikuuamini, nimetazama umbo. Moto ukipita, unaacha nyufa. Hapa hakuna ufa. Huu uso wa kikombe ni laini, umesuguliwa. Umechukua miaka, Afande, tangu utotoni." Aligusa kile kikombe kwenye skrini. "Mtoto anapozaliwa, kikombe chake ni laini kama nta. Ni mpira unaokifinyanga, kwa kucheza cheza ndani yake. Wakati mwingine uzazi unakuwa mgumu, mabega yanakwama, mtoto anavutwa kwa nguvu, mishipa ya shingoni inakatika. Mkono unakosa nguvu. Misuli michache iliyobaki hai inauvuta mpira kwenda nyuma, na kikombe kinaufuata. Huyu mtu alizaliwa akavutwa. Hakuwahi kuuinua mkono huu juu ya kichwa maisha yake yote."

"Bosi alikuwa anapakia magodoro mwenyewe. Nimemwona."

"Basi huyu si Bosi."

"Lakini maabara inasema ni mtoto wa mama yake."

Rula alikisogeza kando kikombe chake cha kahawa. "Mimi napima tu," alisema. "Ila kama ningekuwa wewe, ningemuuliza huyo mama amezaa mara ngapi."

Simu ya Inspekta ililia akiwa bado amekodolea macho ule mfupa. Alikuwa Koplo. Mlinzi amepatikana, amejificha kwa wakwe zake, hana hata mkwaruzo.

Alimkuta kituoni kwenye chumba cha mahojiano, mtu mzima mwenye tumbo, anatokwa jasho kama aliyetoka kubeba mizigo. Alianza kujitetea kabla Inspekta hajavuta kiti.

"Sikuchoma mimi. Bosi mwenyewe alinipa ruhusa. Aliniambia Ijumaa, nenda kapumzike, rudi Jumatatu. Asubuhi nikasikia ghala limeungua. Nikajua tu, mlinzi ndiye wa kwanza kubebeshwa."

"Alikuwa na kawaida ya kukupa ruhusa?"

"Bosi? Hata nilipofiwa na baba aliniuliza kama nitachelewa kurudi."

Koplo alicheka, Inspekta akamtazama, akaacha.

"Nisikilize vizuri," Inspekta alisema. "Pale kiwandani kulikuwa na mtu mwenye mkono mbovu? Wa kushoto?"

Mlinzi alishtuka kama aliyeitwa na mtu asiyemwona. "Bawa?"

"Bawa ndiye nani?"

"Kijana wa ghalani. Si kijana sana, ana miaka yake thelathini na kitu. Tulimwita hivyo kwa sababu mkono ulikuwa unaning'inia hivi, umejikunja, kama bawa la kuku aliyevunjika. Ndiye aliyekuwa anafungua ile mifuko ya hospitali." Alikwepa macho ya Inspekta. "Ile mnayoijua. Wengine tulikuwa tunakataa, mtu unakutana na sindano, unakutana na… sijui niseme nini. Siku moja lilitoka dole gumba la mguu. Bawa alikuwa anachambua kwa mkono mmoja, anaimba. Pamba huku, bandeji kule."

Inspekta alisogeza kiti mbele. "Alikuwa analala wapi?"

"Humo humo."

"Kwenye hiyo mifuko?"

"Juu yake. Ghala lilifungwa kwa nje jioni. Bosi alisema likiachwa wazi ataiba."

"Ufunguo alikaa nao nani?"

"Bosi. Mimi sikuwahi kupewa."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Baada ya moto," Inspekta aliuliza polepole, "hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza Bawa yuko wapi?"

"Bosi alikuwa ametangaza wiki ile kwamba anampeleka shamba. Mimi nilimwona Alhamisi, nikajua atapelekwa Ijumaa." Mlinzi alifuta jasho kwa kiganja. "Na tena, Afande, nani amuulizie? Hakuwa na mtu."

"Alikuwa anamwitaje Bosi?"

"Bosi, kama sisi." Kisha akakumbuka. "Siku moja tu alimwita Kaka. Mbele ya wateja. Bosi alimzaba kibao mpaka akakaa chini. Sisi tukasema maskini, anajipendekeza."

Nyumbani kwa Bosi turubai lilikuwa limetandazwa kutoka ukutani hadi kwenye geti, na chini yake viti vya plastiki vimejaa watu. Inspekta alipita katikati yao akiwa na Koplo. Baadhi walimsonya. Mzee mmoja alimwambia, bila kuinuka, kwamba polisi wamemwandama marehemu akiwa hai na sasa wamemfuata kaburini. Inspekta aliomba kuonana na mama mzazi na mjane, ndani, peke yao.

Chumba cha mama kilikuwa kimefagiliwa vizuri, mapazia yameshushwa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho yamevimba, midomo imekauka. Pembeni yake palikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, haijaguswa. Mjane aliingia nyuma yao akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, ametulia, kanga nyeusi imefungwa bila kukosea.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeniletea mwili?"

"Bado. Nina swali moja. Mama ulizaa watoto wangapi?"

"Ni mmoja," mjane aliwahi. "Marehemu alikuwa peke yake kwa mama yake. Kila mtu anajua."

"Nimemuuliza mama."

Mama aliitazama sahani. Vidole vyake vilianza kuchambua ukingo wa mkeka.

"Mwili uliokutwa ghalani tumeupiga picha leo," Inspekta aliendelea. "Tumelipima bega. Huyu mtu alizaliwa kwa shida. Alivutwa mkono na mshipa ukakatika, na bega likakua limepinda."

"Bega lipi?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"La kushoto."

Mama alifumba macho. Inspekta alijiandaa kwa kilio. Amekaa na wafiwa wengi, anajua namna mwili unavyokunjika habari inapofika. Mwili wa mama yule haukukunjika. Mabega yaliteremka, mikunjo ya uso ikalegea mmoja baada ya mwingine, na alipofumbua macho yalikuwa na mwanga.

"Mkunga ndiye aliyemvuta," alisema. "Alikuja wa pili, mnene, akakwama. Baba yao alisema tusimtoe mbele za watu." Akamshika Inspekta mkono. "Kwa hiyo siye? Siye mwanangu?"

"Ni mwanao, mama. Ni huyu wa pili."

"Mwanangu mkubwa, nasema. Mzima? Yuko hai?"

Kabla Inspekta hajajibu kulisikika kitu nyuma yake. Mjane alikuwa ameteleza chini kwa mlango hadi akakaa sakafuni, kanga imemdondoka kichwani.

"Mnasema Bawa?" alinong'ona. "Mle ndani alikuwa Bawa?"

"Ulidhani ni nani?"

"Aliniambia ni maiti." Aliishika kanga kwa mikono miwili. "Aliniambia amepata maiti, isiyo na mwenyewe, kwa wale wale wanaomletea mifuko. Alisema hatutamdhuru mtu. Akaniambia nitambue saa. Nikatambua saa." Alijifunika mdomo, akauondoa mkono. "Na wewe, mama? Bawa ni mtoto wako? Miaka yote hii nakuona unamtupia makombo uani, ni wa tumbo lako?"

"Nyamaza," alisema mama.

"Nilipoharibikiwa na mimba hakuna aliyekuja kuniona. Wewe ulisema mimi ni mgumba mwenye mikosi. Yeye alikaa pale mlangoni siku nzima, kwa huo mkono wake, ananichotea maji."

"Nyamaza, nimekwambia. Huyu ni askari aliyekaa hapa. Unataka kuniulia mwanangu mara ya pili?"

Mjane alimtazama mama mkwe wake muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu alichokwisha kukila ndipo akaona kina funza. Halafu akageuka.

"Yuko nyumba ya wageni nyuma ya stendi ya malori," alimwambia Inspekta. "Chumba cha mwisho, chenye mlango wa kijani. Amenyoa ndevu. Anangoja tuzike, kisha aondoke."

Mama alimrukia, Koplo akamdaka katikati. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, lakini ilibidi amshike kwa mikono miwili. Alimlaani mkwewe kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, akachoka, akakaa tena kwenye mkeka. Kisha akaivuta ile sahani, akaifunua, akanawa kwa maji ya bilauri.

"Nina njaa," alisema, si kwa mtu yeyote. "Tangu Jumamosi sijatia kitu mdomoni."

Akaanza kula. Alikula haraka, akijaza mashavu, machozi ya furaha yakimchuruzika hadi kwenye tonge. Inspekta alitoka uani, akapita chini ya turubai katikati ya watu walionyamaza, akafika kwenye gari akashika mlango bila kuufungua. Koplo alimpa chupa ya maji. Alisukutua, akatema, akasukutua tena.

"Uko sawa, Afande?"

"Washa gari. Waite wenzetu wawili watukute stendi."

Walimkuta Bosi amekaa kitandani kwa fulana, anakata kucha za miguu. Feni ilikuwa inazunguka. Uso wake bila ndevu ulikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyoukumbuka, kidevu chenye upele wa wembe. Aliwaona askari wanne mlangoni na hakuinuka. Alikusanya kwanza vipande vya kucha kwenye kiganja, akavitupa sakafuni.

"Nani amesema? Mke wangu?"

"Bega la mdogo wako," alisema Inspekta.

Alifikiri kidogo. Alipoelewa, alitikisa kichwa kama mfanyabiashara aliyeshindwa bei. "Niliona mkono tu. Nilijua moto utaumaliza mkono. Sikuwaza kama ndani kungebaki kitu."

"Ulimfanya nini kabla ya moto?"

"Hakuteseka. Nilimpa dawa ya usingizi, nikamvalisha saa. Alifurahi na ile saa. Alilala kama mtoto. Yule hakuwa na maisha, Inspekta, wewe mwenyewe ungemwona ungesema. Hakuoa, hakusoma, hakuna alichokuwa anangoja. Hakusikia kitu."

"Daktari aliyempasua amekuta masizi ndani ya mapafu. Na mwili haukuwa kwenye mifuko. Ulikuwa mlangoni, kwa ndani. Aliamka akajikokota mpaka hapo, akakuta pamefungwa."

Bosi alitazama feni. Inspekta alisubiri. Alitaka kuona kitu chochote kikipita kwenye uso ule, hata woga. Bosi alijikuna kidevu.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Anajua kwamba ni Bawa, siyo mimi?"

"Nimemwambia mwenyewe."

"Amesemaje?"

Inspekta angeweza kumdanganya. Njia nzima kutoka msibani alikuwa amelitayarisha jibu, kwamba mama amelia akazimia, kwamba amemlaani, kitu cha kumkaa mtu huyu kifuani kwa miaka yote atakayofungwa. Sasa alipokuwa amesimama mbele yake, hakuwa na nguvu ya kumtungia familia bora kuliko aliyokuwa nayo.

"Ameomba chakula," alisema.

Bosi alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, la mtoto mkubwa anayejua sehemu yake mezani haiguswi na mtu, na kwa mara ya kwanza macho yake yaliloa.

"Huyo ndiye mama yangu," alisema, akanyoosha mikono mbele afungwe pingu.

Koplo alimfunga. Inspekta alipita nyuma yao, akavuta pazia, akasukuma dirisha likakataa, akalipiga kwa kiganja mpaka likafunguka. Moshi wa malori uliingia, mzito, mweusi. Akauvuta kwa nguvu.